Papasi wa Ndege wa Baharini

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa ndege wa baharini, kikulacho kimejificha chini ya jiwe, karibu na yai lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulitokea jambo la ajabu katika kisiwa cha Bird, huko Shelisheli. Buabua, ndege weusi mgongoni na weupe tumboni, hutaga hapo kwa maelfu, kila jike yai moja juu ya ardhi tupu. Mayai hayo yalikuwa chakula na biashara ya watu wa visiwa vile. Lakini safari hiyo sehemu ya kundi iliyatelekeza mayai na makinda yake. Mtu angeweza kuwashuku wezi wa mayai, au panya, au uhaba wa samaki. Mtaalamu wa ndege, Chris Feare, katika maandishi yake ya mwaka 1976 alihusisha mkasa huo na kupe waliojaa mahali pale, nao walikuwa na virusi.

Kupe gani? Hapo ndipo kazi ya kuainisha inapoanza. Kwanza huhesabiwa miguu. Mdudu ana sita. Kupe na utitiri wana minane, kwa hiyo ni jamaa wa buibui na nge. Lakini kupe aliyeanguliwa karibuni naye ana sita tu, na asiyejua atamdhani ni kiumbe kingine kabisa. Kisha hutazamwa mgongo. Kupe wa ng'ombe ana ngao ngumu. Huyu wa buabua hana. Ngozi yake imekunjamana kama mfuko mtupu, na akishakomaa mdomo wake hauonekani ukimtazama kwa juu.

Huyo ni ndugu wa papasi, yule yule wa nyufa za sakafu ya udongo anayeleta homa ya papasi. Mwaka 1901 Mfaransa Neumann alimpa jina capensis, yaani wa Rasi, kule Afrika Kusini.

Je, jina hilo lina faida gani? Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa. Papasi aliyekomaa hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Ukikagua manyoya ya ndege mchana, huenda usione kitu ukasema yu salama. Ukijua ni papasi, utatafuta chini ya mawe na kwenye nyufa.

Kazi haijaisha. Vinasaba vimeonyesha kwamba kundi hilo la capensis lina spishi kadhaa zinazofanana mno kwa macho.

Buabua wa aina hiyo hiyo hutaga pia Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo mashariki ya Dar es Salaam. Siku wakihama ghafla, kabla ya kumlaumu mvuvi, na tuinue jiwe kwanza.