Mama Alihukumu, Hakumtupa

“Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi,” wamesema wahenga. Juzi mjini Kisumu, mtaa wa Kaloleni, baada ya sala ya Alasiri, niliwakuta barazani wazee wawili wakibishana juu ya “Mother India”, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Humo mama, aliyeigizwa na Nargis, ampiga risasi mwanawe Birju kwa kumteka binti wa watu siku ya harusi yake.

“Haki ni haki,” alisema mmoja, ambaye mwanawe yumo rumande kwa shtaka la kumjeruhi mtu, na yeye hajakwenda kumtazama. “Wangu pia nimemtoa moyoni.”

“La, ndugu yangu,” mwenziwe akamjibu. “Umesahau mwisho wake? Birju alikata roho mikononi mwa mamake. Alimhukumu, hakumtupa.”

Mzee akanyamaza hata adhana ya Magharibi. Baada ya sala akamwuliza mwenziwe: “Kesho utanisindikiza?”