Baiskeli Begani: Desturi ya Milima Mitatu ya Yorkshire

Jumapili ya mwisho ya Septemba, mamia ya waendesha baiskeli hukusanyika kwenye shamba la malisho huko Helwith Bridge, kaskazini mwa Uingereza, tayari kwa mbio ambazo mtu hazimalizi bila kuibeba baiskeli yake begani. Jina lake ni Three Peaks Cyclo-Cross. Njia ina kilomita 61 na inapita juu ya vilele vitatu vya Yorkshire: Ingleborough wenye mita 723, Whernside wenye mita 736, na Pen-y-ghent wenye mita 694. Kwa mtu aliyezoea Kilimanjaro hivyo ni vilima tu. Dharau hiyo huisha akishatia mguu kwenye kinamasi cha vilima hivyo, mvua ikinyesha kwa ubavu na ukungu umefunika kilele.

Aliyeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana alikuwa mvulana wa shule wa Skipton, mwenye umri wa miaka 14. Mwaka 1959 aliizunguka milima yote mitatu na baiskeli yake kwa muda unaokaribia saa saba. Mwaka 1961 klabu ya baiskeli ya Bradford ikaandaa mbio za kwanza kwa juhudi za mwanachama wake John Rawnsley, ambaye alizishughulikia kwa miongo mingi baadaye na mwenyewe akashiriki mwaka hata mwaka.

Bradford ulikuwa mji wa viwanda vya sufu. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na Jumapili yake na baiskeli yake, na klabu ndiyo iliyomtoa kwenye moshi ikampeleka mabondeni. Katika miji ya namna hiyo klabu ya baiskeli ni ukoo wa hiari: ina rangi zake, wazee wake, safari yake ya kila Jumapili, na mahali pake pa kusimama kunywa chai. Wakati huo tayari walikuwapo waliochoshwa na lami. Mwaka 1955 wapenzi wa njia mbovu walikutana katika mji wa Leominster wakaunda chama chao, Rough-Stuff Fellowship, na baadhi yao walikuwa wakivuka milima wamevaa tai. Three Peaks ilizaliwa katika hali hiyo hiyo, ila yenyewe ikaongeza saa ya kupima muda.

Kubeba kwenyewe kuna ufundi wake. Mkono wa kulia hupita katikati ya fremu, bomba la juu likakaa begani, kisha kiganja kikashika usukani ili gurudumu la mbele lisiyumbe. Wengi hufunga sponji kwenye bomba hilo, maana bega lisipotunzwa litadai haki yake kesho yake. Kipande kigumu kuliko vyote ni mteremko wa Simon Fell, njia ya kupandia Ingleborough. Pale nyasi zimesimama kama ukuta, na mtu hupanda mkono mmoja ukishika baiskeli na mwingine ukishika majani au waya wa uzio. Hakuna anayeendesha hapo, hata bingwa. Ndiyo maana mtu aliyetawala mbio hizi kwa miaka mingi, Rob Jebb, ni mkimbiaji wa milimani kabla ya kuwa mwendesha baiskeli.

Mgeni akiona hayo huuliza kwa nini wasitumie baiskeli za milimani, zenye matairi manene na springi. Kanuni inakataza. Usukani lazima uwe ule uliopinda kushuka chini, wa baiskeli za mbio, na tairi lisizidi upana wa milimita 35. Kwa tairi jembamba hivyo, mawe ya chokaa yanakata mpira kila msimu, na kushuka Whernside juu ya mabamba ya mawe kunatetemesha meno. Wapo wanaosema huo ni ukaidi wa wazee. Mimi nawaunga mkono wazee. Baiskeli ikirahisishwa, milima itabaki kuwa mandhari tu, na mashindano yatahamia dukani, kwa mwenye fedha za kununua springi bora. Kwa kanuni hii, aliyepanda mwaka 1961 na anayepanda leo wamekutana na ugumu wa aina moja, na mzee wa klabu anaweza kumwambia kijana jambo likamfaa.

Heshima kubwa zaidi, hata hivyo, wanampa mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli wa England na Wales kupita kwenye njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha waendao kwa miguu na wapanda farasi. Haikuwapa ruhusa ya kushindana humo. Na kule Simon Fell hakuna hata njia ya umma kwa baiskeli. Wanapita kwa ridhaa ya wenye mashamba, siku hiyo moja ya mbio. Ndiyo maana waandaaji huwaonya washiriki wasiende kufanya mazoezi pale. Atakayekwenda kwa siri anahatarisha ruhusa ya wote, na katika jamii yao hilo ni kosa zito kuliko kushindwa. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipowaangamizia wafugaji mifugo yao, mbio hazikufanyika.

Usalama nao una taratibu zake. Kila mshiriki hubeba filimbi na mfuko wa kujifunika akiumia au akizidiwa na baridi. Milimani husimama waokoaji wa Cave Rescue Organisation ya Clapham, chama cha watu wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1935 kuokoa watu mapangoni. Vilele vina muda wa mwisho. Atakayechelewa hurudishwa, awe nani.

Barabarani, kati ya mlima na mlima, ndipo utakapowaona wale ambao majina yao hayatokei kwenye matokeo. Pale Cold Cotes na Ribblehead, chini ya daraja la reli lenye matao 24, wamepanga foleni mke, baba, rafiki wa klabu, kila mmoja na gurudumu la akiba mkononi na chupa ya maji. Mtu wao akitokea na pancha hapewi pole. Anapewa gurudumu na kusukumwa mgongoni. Aliyeumia goti mwaka huu hushika gurudumu, na mwakani hushikiwa.

Pen-y-ghent hupandwa na kushukwa kwa njia ile ile nyembamba iliyobanwa na kuta za mawe. Wa mbele wanashuka kwa kasi ya kutisha wakati wa nyuma bado wanajikongoja juu, hivyo anayepanda hujibana ukutani kumpisha anayeshuka, na mara nyingi humtia moyo kwa sauti huku mwenyewe amebakiwa na saa nzima ya mateso. Wa kwanza humaliza kwa takriban saa tatu. Wengi huhitaji nne, tano au zaidi. Wakifika Helwith Bridge, matope mpaka kwenye nyusi, swali la kwanza si umekuwa wa ngapi. Wanaulizana pancha ngapi.