Soko la Mapendo la Paris

Ninyi wa Walikale mnajua jinsi vitu vya sadaka vinavyouzwa baada ya Misa: mkungu wa ndizi, kuku, chupa ya mawese. Anunuaye hulipa kupita bei ya soko, wala hanung'uniki. Mabibi wakubwa wa Ulaya waliishika sana desturi ya namna hiyo katika karne ya 19. London waliuza maua na chai kwa ajili ya hospitali. Paris, tangu mwaka 1885, mashirika mengi ya kusaidia maskini na vipofu yaliungana katika mauzo ya kila mwaka, yakaitwa Soko la Mapendo.

Mwaka 1897 soko lilijengwa katika njia ya Jean-Goujon. Lilikuwa banda la mbao, urefu wake kadiri ya mita 80, limepambwa kwa vitambaa na karatasi zilizopakwa rangi, lifanane na mtaa wa kale. Juu yake ilitandwa turubai. Uzuri ulikuwa mwingi, milango michache. Tena palikuwa na ajabu mpya: sinema.

Jumanne, tarehe 4 Mei, balozi wa Baba Mtakatifu alifika, akabariki, akaenda zake. Alasiri watu zaidi ya elfu moja walikuwamo. Taa ya sinema ilitumia etha, ambayo hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Ilipokuwa ikijazwa, mtu akawasha kiberiti karibu yake. Kwa dakika chache banda zima likawa ndimi za moto. Walikufa watu wapatao 126, karibu wote wanawake, na masista pamoja nao.

Alikuwamo Sophie Charlotte, Dukesi wa Alençon, mdogo wake Elisabeth, malkia wa Austria. Mashahidi walieleza kwamba alikataa kutangulia: wageni watoke kwanza. Maiti yake ilitambuliwa kwa meno tu, na daktari aliyekuwa akiyatibu.

Nyuma ya banda palikuwa na uwanja uliozungukwa na kuta, na dirisha la jiko la hoteli lenye nondo za chuma. Mpishi mmoja, Gauméry, na wenzake walizivunja nondo, wakavuta watu ndani mmoja mmoja. Mabibi waliozoea kupokewa kwa vyeo vyao mlangoni walipita siku ile dirishani mwa jiko, wakashukuru.

Tarehe 8 Mei, katika kanisa kuu la Notre-Dame, Padre Ollivier, Mdominiko, alihubiri kwamba moto huo ulikuwa adhabu ya Mungu juu ya Ufaransa. Wengi walichukizwa, na sisi hatuwalaumu. Etha na kiberiti havihitaji laana ili kuwaka, na banda la mbao lenye milango michache lilijengwa na watu. Mahakama nayo ilitazama hayo: ilimtoza Baron de Mackau, msimamizi wa soko, faini ya faranga 500, ikawahukumu pia watu wawili wa sinema.

Mahali pale lilijengwa kanisa dogo la Mama Yetu wa Faraja, likafunguliwa mwaka 1900.