Mchagua gitaa naye ni mpigaji

WAHENGA walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeifunza kwa miaka mingi bila kuitilia shaka, hadi muhula uliopita iliporushiwa kijana mmoja ninayemjua, nami nikajikuta nimesimama upande wa mchagua jembe.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wangu chuoni. Sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili huko Bura, Kaunti ya Garissa. Msomaji asiichanganye Bura hii na ile ya ng'ambo ya Mto Tana yenye mashamba ya kunyunyiziwa maji, wala na ile ya Taita. Mwalimu huyu ni mashoto: mkono wake wa kushoto ndio unaoandika, ndio unaotupa jiwe na ndio unaopiga nyundo. Jioni moja alinipigia simu.

"Mwalimu," akasema, "nimeweka akiba ya Sh15,000. Nataka gitaa kavu la kucharaza kwa nguvu, na nataka la mashoto. Wenzangu katika chumba cha walimu wananicheka. Wananiambia mchagua jembe si mkulima, nichukue lolote lililopo dukani, mkono utazoea. Wewe wasemaje?"

Nilimwuliza kwanza gitaa la nini. Jibu lake lilinifurahisha. Wanafunzi wake wengi lugha yao ya kwanza ni Kisomali, lugha yenye hazina kubwa ya ushairi. Lakini shairi la Kisomali hupimwa kwa urefu na ufupi wa irabu, na sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho. Shairi letu la kimapokeo hupimwa kwa kuhesabu silabi, 8 kwa 8, na vina vikakaa katikati na mwishoni. Mtoto aliyezoea kipimo cha kwanza hawezi kukisikia cha pili kwa kuambiwa tu. Mwalimu huyu aligundua, kwa gitaa la kuazima, kwamba akicharaza pigo moja zito kwa kila mizani, darasa zima hutambua ukwapi unapokwisha na utao unapoanza. Hana kipaza sauti. Ana paa la mabati, upepo na wanafunzi 50. Kwa hiyo kudonoa uzi mmoja mmoja hakumfai.

Wala asidhani mtu kuwa ala ya nyuzi ni jambo geni kwa Wasomali. Wanayo kaban, ambayo ni ndugu wa udi unaopigwa katika taarabu yetu ya pwani. Abdullahi Qarshe, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alisifika kwa ala hiyo, naye alizaliwa mwaka 1924 mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tatizo la mwalimu wetu halikuwa gitaa. Tatizo lilikuwa mkono.

Na hapa, kama mtu wa isimu, sina budi kuikiri hatia ya lugha yenyewe. Kiswahili kimeupa mkono mmoja majina ya heshima. Huo ni mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Tena ni mkono wa kuume, yaani wa kiume. Ule mwingine ni wa kushoto, na wazee waliuita pia mkono wa kike. Nasi tukijua namna jamii zetu zilivyowatazama wanawake, tunaelewa kuwa jina hilo halikukusudiwa kuwa sifa. Majirani zetu hawakufanya hivyo kila mara. Katika karne ya 16 aliishi Ahmad bin Ibrahim, kiongozi wa Adal aliyeitikisa dola ya Uhabeshi hadi alipouawa vitani mwaka 1543. Wasomali humwita Ahmed Gurey na Waamhara humwita Gragn, na majina yote mawili maana yake ni mashoto. Mashoto aliyeogopwa hakuambiwa abadili mkono.

Nisieleweke vibaya. Kula kwa mkono wa kulia na kuamkuana kwa mkono wa kulia ni adabu tuliyolelewa nayo, na Bura ni mji wa Waislamu wanaoithamini. Mwalimu huyu hula kwa mkono wa kulia kama wenzake. Lakini adabu ya sinia ni jambo moja, na mkono wa kazi ni jambo jingine. Kuyachanganya hayo mawili ndiko kulikoniumiza mimi.

Hebu tukitazame kitenzi kucharaza. Tunacharaza gitaa, na tunamcharaza mtu bakora. Katika shule ya msingi niliyosomea, mwishoni mwa miaka ya 1980, maana hizo mbili zilikutana kwangu. Nilikuwa mashoto. Kila niliposhika kalamu kwa mkono wa kushoto nilicharazwa vidole vya mkono huo, na mwalimu akasema samaki hukunjwa angali mbichi. Nilikunjika. Hadi leo naandika ubaoni kwa mkono wa kulia, na wanafunzi wangu hulalamika kuwa hati yangu haisomeki. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuhama.

Nilipofika chuo kikuu nilinunua gitaa la bei ya chini kabisa, la mkono wa kulia, kwa sababu lile la mashoto halikuwapo dukani. Muuzaji aliniambia nigeuze nyuzi tu. Nikageuza. Baada ya miezi mitatu nikaliuza kwa hasara, nikiamini kwamba sina sikio la muziki. Miaka mingi ilipita kabla ya fundi mmoja kunieleza kuwa kosa halikuwa la sikio langu.

Alinieleza hivi. Gitaa la nyuzi za chuma lina mfupa mdogo juu ya daraja, pale nyuzi zinapoegemea. Mfupa huo umewekwa kwa kulalia upande, ili uzi mnene uwe mrefu kidogo kuliko mwembamba. Ukigeuza nyuzi bila kuugeuza mfupa, uzi mnene unakuwa mfupi mno na mwembamba unakuwa mrefu mno, na kadiri unavyobonyeza juu ya shingo ndivyo sauti zinavyozidi kuachana. Kule kwenye kichwa cha gitaa, mianya sita ya kupitishia nyuzi nayo imechongwa kwa unene wake: uzi mnene hauingii katika mwanya mwembamba, na uzi mwembamba hucheza katika mwanya mpana. Hata vijiti vya ndani vinavyoushikilia uso wa gitaa havikupangwa sawa kwa pande zote mbili. Mwisho, kile kibati cha plastiki kinachoukinga uso dhidi ya mikwaruzo kinabaki upande wa juu, ambako hakuna kazi, huku mcharazaji akiuchuna ubao mtupu. Mtu anayedonoa polepole anaweza kuyavumilia hayo. Anayecharaza kwa nguvu atayasikia siku ya kwanza.

Najua msomaji atanitajia Jimi Hendrix, aliyegeuza gitaa la mkono wa kulia na kuishangaza dunia. Ni kweli, lakini lake lilikuwa gitaa la umeme, ambalo urefu wa kila uzi hurekebishwa kwa bisibisi. Atanitajia pia Elizabeth Cotten, mama Mmarekani Mweusi aliyelipindua gitaa bila hata kubadili nyuzi, akapiga nyuzi nene kwa vidole na nyembamba kwa kidole gumba. Huyo naye alikuwa bingwa wa kudonoa. Katika gitaa lililopinduliwa hivyo, pigo la kushuka huanza na nyuzi nyembamba badala ya nene, na ule mshindo mzito ambao mwalimu wa Bura anautafuta hauji mahali pake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Wapo wanaosema kuwa gitaa hupigwa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo mashoto ajifunze kama watu wengine ili apate kuazima gitaa la mwenzake na kufundishwa na yeyote. Kwa mtu ambaye hajaanza, nakubali ajaribu majuma mawili. Lakini mkono wa kucharaza ndio unaobeba mwendo wa wimbo, na mkono mzito wa mwendo hauzoeleki kwa kuamriwa. Kipimo ni rahisi: mwambie mtu apige meza kama ngoma huku akiimba, kisha utazame ni mkono upi unaoongoza. Mwalimu wetu alikuwa ameazima gitaa la mkono wa kulia kwa mwaka mzima, na bado mizani zilikuwa zikimponyoka.

Basi nikamshauri, nami nawashauri wengine walio na mkono kama wake na mfuko kama wake. Kwanza, tafuta umbo kubwa lenye kiuno kipana, liitwalo Dreadnought. Kampuni ya Martin ya Marekani ililibuni mwaka 1916 na kulipa jina la manowari ya Waingereza. Umbo hilo lina kifua cha kutoa sauti nzito bila umeme. Pili, usikimbilie gitaa ambalo uso wake ni ubao mmoja mzima. Sauti yake ni bora, na kampuni kama Yamaha hutengeneza hata la mashoto, lakini bei yake imepanda, na katika joto kavu la Garissa ubao huo hupoteza maji, hunywea na kupasuka. Plaiwudi haina sifa madukani, lakini huvumilia. Tatu, usilipie mitambo ya umeme ndani ya gitaa ikiwa huna mahali pa kuichomeka.

Nne, likague kabla ya kutoa pesa. Tazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, uone kama imepinda. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye kijichuma cha 12 na upige tena: sauti ni ileile ikiwa juu zaidi, au imepotoka? Angalia kama uso nyuma ya daraja umevimba. Charaza kwa nguvu zako zote, hata kama muuzaji atakunja uso. Nyuzi zikilia kama mbu, ziko karibu mno na shingo. Tano, ukikosa kabisa la mashoto, nunua lile la nyuzi za nailoni. Mfupa wa daraja lake kwa kawaida haulalii upande, na fundi anaweza kubadilisha mianya ya nyuzi kwa gharama ndogo. Lakini sauti yake ni ya upole, na usithubutu kulivalisha nyuzi za chuma, maana zitaling'oa daraja.

Likizo ilipofika, kijana alipanda basi hadi Nairobi. Katika maduka manne aliambiwa ageuze nyuzi tu. Katika la tano alikuta gitaa la mashoto la plaiwudi, umbo kubwa, limekaa juu ya rafu kwa muda mrefu bila mteja. Bei ilikuwa Sh17,500 pamoja na mfuko wake. Akauacha mfuko, akalipa Sh15,000, na fundi cherehani mjini Garissa akamshonea mfuko mwingine kwa blanketi kuukuu. Nilimsihi asilitundike karibu na ukuta wa mabati, na ndani ya mfuko aweke sponji yenye unyevu katika kisahani cha sabuni chenye matundu, isiguse ubao.

Aliponipigia simu tena hakuzungumzia sauti ya gitaa. Alisema wanafunzi walimwona akilishika kinyume na walivyozoea, wakacheka, naye akawaambia kwa Kisomali kuwa yeye ni gurey. Akauliza kama darasani yumo mwingine. Kimya. Kisha mikono miwili ikainuka, yote ya kushoto. Mwaka mzima alikuwa amewaona wanafunzi hao wakiandika kwa mkono wa kulia, akidhani hati yao mbaya ni uvivu.

Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kila 10 duniani ni mashoto. Darasa la wanafunzi 50 basi huenda lina watano. Sisi walimu tunawajua? Mikasi ya maabara yetu ni ya nani? Viti vya kumbi zetu za mihadhara, vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia peke yake, vilimkusudia nani? Hatuhitaji fedha nyingi kuanza. Tunahitaji kuuliza swali lile alilouliza mwalimu wa Bura, na kutokucheka jibu linapotolewa.

Wahenga wetu hawakukosea walipomkemea mvivu anayetumia jembe kama kisingizio. Lakini wao wenyewe walijua kuwa mpini hukatwa kwa kipimo cha mkono utakaoushika. Anayechagua jembe ili alime ni mkulima, na aliyepanda basi hadi Nairobi kwa ajili ya mizani za shairi ni mwalimu.