Mwavuli ulifunguka: Yale mzazi anafaa kujua kijana wake akianza kuruka kutoka angani

KWA mwaka mzima mama huyu wa Ukunda, Kaunti ya Kwale, aliamini kwamba mwavuli wa mwanawe ulikataa kufunguka.

Ndivyo alivyomwambia kila aliyefika matangani. Majirani wakatikisa vichwa, wakawalaani waliouunda. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka pamoja nao. Nilijua si kweli, nami nikanyamaza.

Marehemu, ambaye simtaji jina kwa ombi la familia, nilisoma naye chuo kikuu. Alipata kazi nje ya nchi, huko akajifunza kuruka kwa mwavuli, na huko huko akafariki akiwa na umri wa miaka 27. Wenzake wawili walioisindikiza maiti hadi nyumbani ndio walionieleza kilichotokea, tukiwa tumesimama nje chini ya mwembe. Mwavuli ulifunguka vizuri. Alikuwa ameshuka nao salama kwa dakika kadhaa. Alifariki katika sekunde chache za mwisho, ardhi ikiwa karibu.

Sikuwa na moyo wa kumwambia mama yake. Nilijiambia kwamba haitabadili kitu.

Mwezi uliopita simu yangu ikalia.

"Mwanangu, kitinda mimba wangu naye anataka kuruka," akaniambia. "Anasema yeye atanunua mwavuli mpya, usiokataa. Wewe ndiye unayeandika habari za afya. Niambie, huyu naye nimzike?"

Hapo nikaona gharama ya kunyamaza kwangu. Kijana wa miaka 19 alikuwa akijilinda dhidi ya hatari isiyomuua kaka yake. Jumamosi hiyo nikavuka kivuko cha Likoni, nikapanda matatu hadi Ukunda.

Daftari ndani ya sanduku

Mama alinitolea sanduku la bati lenye vitu vya marehemu. Chini ya nguo kulikuwa na daftari. Kila mrukaji huwa nalo. Humo huandika nambari ya mruko, tarehe, mahali, ndege, kimo, ukubwa wa mwavuli na maelezo mafupi, kisha mwenzake au mkufunzi anatia sahihi.

Tulilisoma pamoja, yeye, kijana wake na mimi, tangu ukurasa wa kwanza.

Kwanza nikawaeleza safari yenyewe ilivyo. Ndege hupanda hadi takriban futi 13,000, yaani karibu kilomita nne. Mrukaji akitoka huanguka kwa muda wa kama dakika moja, kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa. Kisha hufungua mwavuli na kuelea dakika tano hivi hadi chini.

Wazazi wengi huiogopa ile dakika moja ya kuanguka. Lakini mfuko wa mgongoni hubeba miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Wengi pia hubeba kifaa kidogo kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe iwapo mtu bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi. Kifaa maarufu cha aina hiyo, Cypres, kilibuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuingia sokoni mwaka 1991. Kimeokoa watu wengi.

Mchezo huu umepunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Nchini Marekani, ambako hesabu hutunzwa kila mwaka, watu 10 walifariki mwaka 2023 katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65.

Lakini kifaa hicho hakina msaada wowote kwa mtu ambaye mwavuli wake umefunguka sawasawa. Na sehemu kubwa ya vifo siku hizi hutokea hapo, chini ya mwavuli mzima, wakati wa kutua.

"Kwa hivyo wangu ulifunguka?" mama akauliza.

"Ulifunguka, mama."

Hakusema neno. Akafungua ukurasa uliofuata.

Mwavuli ni tanga

Mwavuli wa kisasa si ule wa duara wa wanajeshi wa filamu za zamani. Una umbo la mstatili, hujaa hewa, na hupaa kama bawa. Mtu huuongoza kwa kamba mbili za breki. Akivuta ya kulia hugeuka kulia. Akivuta zote mbili pamoja karibu na ardhi, hupunguza kasi na kutua kwa miguu.

Anayekaa Pwani ataelewa upesi, kwani mwavuli ni ndugu wa tanga. Kama nahodha anavyoijua kaskazi na kusi, mrukaji naye lazima ajue upepo unatoka wapi, kwa sababu hutua akiukabili. Mpangilio wa kutua huanza takriban mita 300 juu. Kwanza hupita upepo ukiwa mgongoni, kisha huukata kwa ubavu, halafu hugeuka mara ya mwisho kuukabili akiwa bado na kimo cha kutosha.

Mwanafunzi huanza na mwavuli mkubwa, wa pole, unaomsamehe makosa. Kadiri anavyopata ujuzi ndivyo anavyoweza kuhamia mdogo zaidi. Kipimo kinachotumika ni rahisi. Unachukua uzito wa mtu pamoja na vifaa vyake kwa ratili, unaugawanya kwa ukubwa wa mwavuli kwa futi mraba.

Marehemu akiwa na vifaa vyake alikuwa na kilo 84, yaani ratili 185. Daftari linaonyesha alianza na mwavuli wa futi mraba 230, hivyo kila futi ilibeba ratili 0.8. Baadaye akahamia 190, ikawa karibu ratili moja. Hadi hapo mambo yalikuwa shwari.

Kisha tukafika mruko wa 131. Ameandika kwa herufi kubwa: mwavuli mpya, 150. Sasa kila futi ilibeba ratili 1.23.

Mkufunzi mashuhuri Brian Germain wa Marekani alipendekeza kipimo ambacho warukaji wengi hukijua: ratili moja kwa futi ukifikisha miruko 100, kisha kuongeza sehemu moja ya kumi tu kwa kila miruko 100 mingine. Kwa hesabu hiyo, rafiki yangu alipaswa kuwa na miruko zaidi ya 300 kabla ya kuugusa mwavuli huo. Aliruka hatua nzima.

Mwavuli mdogo huenda kasi, na hatari yake kubwa huonekana kwenye kona. Ukivuta breki moja kwa nguvu, mwavuli hulala upande na kupiga mbizi, nao mwili hurushwa nje kama jiwe kwenye kamba. Ukiwa juu, mwavuli hujirudisha sawa na unacheka. Ukiwa mita 30 kutoka ardhini, ardhi hufika kabla haujarudi.

Ndivyo ilivyotokea. Upepo ulibadilika, akajikuta ameupa mgongo, naye akavuta kamba ya kushoto ili aukabili. Kwa mwavuli wake wa zamani pengine angevunjika mguu.

Kitinda mimba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza angefanya nini badala yake. Nilimpa jibu ambalo wakufunzi hulirudia siku zote: usigeuke chini. Ni heri kutua upepo ukiwa mgongoni, ukabana miguu na magoti pamoja, ukavuta breki zote mbili sawa na kujiviringisha ukigusa ardhi. Utachubuka, pengine utavunjika kifundo cha mguu. Mfupa huunga.

Waliojua na hawakusema

Pembezoni mwa mruko wa 128 kulikuwa na mwandiko mwingine, wa aliyetia sahihi siku hiyo. Alimshauri asubiri, apitie kwanza mwavuli wa 170.

Mama aliweka kidole juu ya maneno hayo. "Kumbe aliambiwa."

Aliambiwa, lakini na mtu mmoja. Wale wenzake wawili walikiri chini ya mwembe kwamba nao waliona, wakahofia kumuudhi. Na mimi nina langu. Siku aliyonunua mwavuli huo alinitumia picha. Nilimjibu kwa neno moja: Hongera. Sikujua ninachompongezea, wala sikuuliza.

Warukaji huishi kama ukoo. Siku ya mawingu hushinda pamoja kwenye banda la ndege wakikunja miavuli, wakipika, wakitaniana. Anayefanya jambo kwa mara ya kwanza huwanunulia wenzake kreti ya bia, soda kwa asiyekunywa. Kabla ya kupanda ndege hukaguana mikanda, mmoja baada ya mwingine. Lakini ukoo unaokaguana mikanda unapaswa pia kukaguana tamaa. Mwenye mwavuli mdogo huonekana shujaa, naye anayekaa na mkubwa huchekwa. Hapo ndipo kijana huharakisha.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Jambo hili halihusu anga pekee. Wazazi wa waendesha bodaboda wanalijua vizuri.

Pengo kwenye duara

Wiki chache baada ya mazishi, wenzake waliruka kwa heshima yake. Walishikana mikono angani kwa umbo la duara, wakaacha nafasi moja wazi. Nilikuwa na video hiyo kwenye simu mwaka mzima bila kumwonyesha mama.

Siku hiyo nilimwonyesha. Akaitazama mara tatu.

"Hapo palipo wazi ndipo pake?"

"Ndipo pake, mama."

Akalia, kijana wake akamshika bega. Kisha akaniambia kitu ambacho sitakisahau. Mwaka mzima, alisema, alikuwa akimwona mwanawe usiku akivuta kamba isiyofungua kitu. Sasa angalau alijua kwamba aliuona mwavuli wake, na akapata dakika tano za kuitazama dunia kutoka juu.

Nilikuwa nimedhani ukweli ungemuumiza zaidi. Wanaoshughulika na waliofiwa hutuonya kwamba mtu akikosa maelezo hujitungia yake, na mara nyingi anayojitungia huwa mabaya kuliko yaliyotokea. Mweleze mfiwa ukweli anapouliza, kwa upole na kwa kiasi anachotaka. Hata watoto waliobaki wanahitaji kujua. Na iwapo huzuni inamzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi kwa muda mrefu, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mshauri nasaha au kituo cha afya.

Muulize nini kijana wako?

Katika Diani watalii na Wakenya huruka juu ya fuo, wengi wakiwa wamefungwa kifuani pa mkufunzi. Kwa atakayejifunza kuruka peke yake, haya ndiyo maswali niliyowaachia mama na kijana wake:

Una umri gani? Katika mfumo wa Marekani, unaofuatwa pia na wengi nje ya nchi hiyo, miaka 18 ndiyo ya kuanzia kuruka. Leseni ya kwanza, A, hutaka angalau miruko 25, B miruko 50, C miruko 200 na D miruko 500.

Mwavuli wako ni wa futi mraba ngapi, na uzito wako na vifaa ni ratili ngapi? Asiyeweza kukujibu hajui anachoning'inia.

Nani amekuruhusu kuhamia mdogo? Jibu liwe mkufunzi aliyemtazama akitua, si rafiki wala muuzaji.

Umesomea kuendesha mwavuli? Kuna mafunzo maalum ya kugeuka, kukadiria kimo na kutua mahali padogo.

Una mafua? Pua na masikio yakiziba, mabadiliko ya kimo huumiza vibaya. Asubiri apone.

Umepiga mbizi kwa mtungi wa hewa baharini? Ushauri wa wataalamu wa kupiga mbizi ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizo moja, na saa 18 baada ya kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mgeni wa Diani anayetaka yote kwa siku moja asisahau hili.

Bima yako inasemaje? Baadhi huiweka kando michezo ya hatari.

Na iwapo mtu ameanguka vibaya, usimwinue wala kumketisha. Mwache alivyo, usimvue kofia ngumu bila ujuzi, hakikisha anapumua, na uite msaada. Uti wa mgongo ulioumia unaweza kuharibika zaidi kwa mikono ya wenye huruma.

Mama hajamkatalia kijana wake, wala hajamruhusu. Amempa daftari la kaka yake. Amemwambia alisome lote, kisha amweleze kwa maneno yake mwenyewe kosa lilikuwa ukurasa gani.

"Akinionyesha, tutaongea," akaniambia aliponisindikiza hadi stejini. "Asiponionyesha, na ashone nguo."

Juzi kijana alinitumia ujumbe. Amefika mruko wa 90, anasoma polepole. Ameniuliza kama najua ratili zake ni ngapi.

Safari hii sikujibu hongera. Nilimwambia apande mizani kwanza.