Jeshi la Wokovu na Wasio na Kazi wa London

Mwaka 1890 Uingereza, pamoja na viwanda vyake na makoloni yake yote, haikuwa na bima ya ukosefu wa ajira wala ofisi za taifa za kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, na mtu aliyeishiwa kabisa alikuwa na mlango mmoja tu wa umma wa kubisha, yaani nyumba za maskini, ambazo ziliendeshwa kwa kodi za wenyeji na kutoa chakula na malazi kwa masharti makali yaliyokusudiwa kuwakimbiza wavivu. Mpita njia aliyelala humo alilazimika kuvunja mawe au kuchambua kamba kuukuu kabla ya kuruhusiwa kutoka, na kwa kuwa vibarua wa bandari ya London waliitwa kazini asubuhi na mapema, msaada huo wenyewe ulimkosesha kibarua cha siku hiyo. Pengo hilo ndilo ambalo Jeshi la Wokovu, dhehebu la Kikristo lililojipanga kwa vyeo vya kijeshi, lilijaribu kuliziba.

Mwanzilishi wake, William Booth, aliyezaliwa Nottingham mwaka 1829, aliujua umaskini kwa karibu, kwa maana akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi katika duka la rehani, mahali ambapo maskini huacha shuka na zana zao za kazi ili wapate mkopo mdogo, na baada ya kumaliza mafunzo hayo yeye mwenyewe alikaa bila ajira. Mwaka 1865 alianzisha umisheni wa mitaani mashariki mwa London, ambao mwaka 1878 ulipewa jina la Jeshi la Wokovu, na kwa miaka mingi shabaha yake ilikuwa kuhubiri toba. Kilichombadilisha ni kuona kwamba mahubiri hayamwingii mtu aliyeshinda na njaa, na kwamba hata aliyetubu jioni aliamka asubuhi katika mtaa uleule, hana kazi wala pa kulala.

Mpango wake aliueleza katika kitabu kilichotoka Oktoba 1890, In Darkest England and the Way Out, ambacho aliandika kwa msaada wa mwanahabari W. T. Stead. Kichwa hicho kilikusudiwa kukumbusha kile cha Henry Morton Stanley, ambaye mwaka huohuo alikuwa amechapisha In Darkest Africa baada ya msafara wake kufika Bagamoyo mwishoni mwa 1889, na Booth aliwauliza Waingereza kwa nini walishangaa giza la mbali ilhali lao lilikuwa jirani na makanisa yao makuu. (Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukunja uso kwa mlinganisho huo, hasa akikumbuka kwamba mizigo ya Stanley ilibebwa na wapagazi walioandikwa Zanzibar.) Booth alikadiria kwamba watu wapatao milioni 3, sawa na sehemu ya kumi ya taifa, walikuwa wamezama, na alidai wapewe angalau haki za farasi wa magari ya abiria wa London, ambaye akianguka huinuliwa, na maadamu yu hai hana budi kuwa na banda, lishe na kazi.

Uzito wa mpango huo ulikuwa katika utaratibu wake, ambao ulimchukulia mtu asiye na kazi kuwa na mahitaji kadhaa yaliyofungamana. Kwanza alipata malazi: kwa peni 4 mtu alipewa chakula cha jioni, kitanda na kifungua kinywa, na asiye na kitu aliweza kulipia kwa kufanya kazi katika karakana zilizokuwa pamoja na malazi hayo. Kisha jina na ufundi wake viliandikwa katika ofisi ya ajira, iliyofunguliwa London mwaka 1890, ambako waajiri walipeleka maombi yao. Aliyekuwa amedhoofika zaidi, pengine kwa ulevi au kwa kukaa miaka bila kazi ya kudumu, alipelekwa Hadleigh katika jimbo la Essex, karibu na mdomo wa mto Thames, ambako Jeshi lilinunua mashamba mwaka 1891 ili wanaume wa mjini wazoee tena kuamka mapema, kulima, kufuga na kufyatua matofali, huku pombe ikiwa marufuku. Hatua ya mwisho ilikuwa kuhamia ng'ambo, na katika miongo iliyofuata maelfu walisafirishwa na Jeshi kwenda Kanada.

Booth hakuwa mtu wa kusema kwamba kila maskini amejiponza. Kanuni yake ya kwanza ilitaka mtu abadilishwe pale tabia yake ilipokuwa chanzo cha kuanguka kwake, lakini ya pili ilitaka mazingira yabadilishwe pale yalipokuwa chanzo na yeye hana uwezo juu yake. Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa makanisa, kwa sababu inagusa masilahi ya watu ambao huenda ndio wafadhili, na ilijaribiwa waziwazi katika kiwanda cha viberiti ambacho Jeshi lilifungua mashariki mwa London mwaka 1891. Viwanda vingi vya wakati huo vilitumia fosforasi nyeupe, kemikali ya bei nafuu ambayo mvuke wake uliozesha mifupa ya taya za wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, ambao mwaka 1888 walikuwa wamegoma katika kampuni ya Bryant & May kupinga madhila yao. Kiwanda cha Jeshi kilitumia fosforasi nyekundu, isiyo na madhara hayo, na kililipa peni 4 kwa kila grosi, yaani masanduku 144, wakati kwingineko malipo yalikuwa kama peni 2 na nusu. Viberiti vyake vilikuwa ghali, wanunuzi walipendelea vya bei rahisi, na mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda kilifungwa, ingawa kufikia wakati huo Bryant & May walikuwa wameiacha fosforasi nyeupe, na sheria ya 1908 ikaja kuipiga marufuku nchini kote.

Upinzani haukukosekana. Mwanasayansi T. H. Huxley aliandika barua kadhaa katika gazeti la The Times akionya dhidi ya kumkabidhi mtu mmoja fedha nyingi na utii wa kijeshi wa wafuasi wake, lakini kamati huru iliyochunguza hesabu mwaka 1892 iliona kwamba fedha zilitumika kama ilivyoahidiwa. Lawama nzito zaidi ilitoka kwa vyama vya wafanyakazi. Kuanzia mwaka 1907 mafundi seremala walilalamikia karakana ya Hanbury Street, Whitechapel, ambako watu waliopewa malazi, chakula na fedha kidogo tu walitengeneza bidhaa zilizoshindana na za mafundi waliolipwa ujira kamili. Jeshi lilijibu kwamba wale walikuwa watu wanaosaidiwa, ambao kazi yao haikufikia thamani ya fundi mzima. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa mtu anayetoka ulevini wiki ya kwanza, lakini ilipungua nguvu kadiri alivyopona na kuendelea kubaki palepale, na mafundi walikuwa na haki ya kuuliza ni siku gani hasa mhitaji anakuwa mfanyakazi. Kwa jumla mpango ulifaulu zaidi kumrudishia mtu afya, nidhamu na mdhamini wa kumwombea kazi kuliko kuongeza idadi ya kazi zenyewe, kwa kuwa idadi hiyo ilitegemea biashara ya bandari na viwanda ambayo kanisa halikuwa na mamlaka juu yake.

Serikali ilichukua nafasi yake polepole: sheria ya 1909 ilianzisha ofisi za ajira za taifa, ambazo zilianza kufunguliwa Februari 1910, na bima ya ukosefu wa ajira kwa baadhi ya viwanda ikafuata kwa sheria ya 1911. Jeshi halikuondoka uwanjani, na lilipoingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933 lilikuja na desturi ileile ya kuchanganya ibada na huduma, ambayo huku ilionekana zaidi katika elimu, ikiwemo shule ya wasioona ya Thika. Hadleigh nako kungali na shamba, ambalo sasa hutoa mafunzo kwa watu wenye mahitaji maalumu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea Australia, ambako mwaka 1998 serikali ilikabidhi huduma za kutafutia watu ajira kwa mashirika ya nje kwa mikataba, na Jeshi likaanzisha shirika la Employment Plus ili kushiriki. Fedha za mikataba ziliwezesha huduma kuwafikia watu wengi kuliko sadaka ilivyoweza, lakini masharti yake yaliwataka watoa huduma kutoa taarifa kuhusu mteja asiyehudhuria miadi, taarifa ambayo ingeweza kumfanya akatwe posho, na hivyo mtumishi aliyeajiriwa ili awe upande wa mhitaji akawa pia na wajibu wa kumripoti.