Kijue Kitu Kabla ya Kukitengeneza

Wengi katika mwambao wetu wanaufahamu msiba huu. Msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono, urithi wa babu, unatolewa sandukuni. Ukurasa wake umechanika. Na mtu mwenye nia njema anaubandika kwa seloteipu. Miaka inapita, gundi inageuka manjano, inapenya ndani ya karatasi na kuacha doa lisilotoka kwa urahisi. Nia haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kukijua kile kilichokuwa kikitengenezwa.

Juma hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za elimu inayoziba pengo hilo: kutumia hadubini ili kutambua rangi, wino, nyuzi na karatasi zilizotumika katika kazi za sanaa na maandiko ya kale. Mojawapo ya taasisi mashuhuri zinazoifundisha ni McCrone Research Institute ya mjini Chicago, Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1960 na mwanakemia Walter McCrone.

Sisi tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba hakuna aliyeanza kwa kusoma sura. Tulianza kwa alifu kwa kijiti, herufi moja moja, hata jicho likazizoea. Mafunzo haya nayo hufuata njia hiyo. Mwanafunzi hupewa kwanza rangi inayojulikana jina lake, akaitazama, akaichora na kuandika sifa zake. Kisha nyingine, na nyingine. Akishazizoea hupewa sampuli isiyo na jina, atamke mwenyewe ni kitu gani na aoneshe ushahidi wake.

Kinachotazamwa ni kidogo mno. Kwa ncha ya sindano nyembamba, mhifadhi huchukua chembe ndogo kuliko nukta ya wino, akaiweka juu ya kipande cha kioo ndani ya utomvu maalumu, kisha akaifunika. Hadubini yake ina vichujio 2, na kila kimoja hupitisha nuru ya mwelekeo mmoja tu. Vichujio hivyo vikipishanishwa, uwanja wote huwa giza. Hapo chembe nyingine hung'aa katika giza hilo, na nyingine hupotea kabisa. Tofauti hiyo humpa mtazamaji dalili ya kwanza.

Tuchukue mfano wa rangi ya buluu. Ipo buluu ya thamani itokanayo na jiwe la Badakhshan, nchini Afghanistan, na ipo nyingine ya madini ya shaba iitwayo azuriti. Kwa jicho tupu zaweza kufanana. Chini ya vichujio vilivyopishana, azuriti hung'aa, na ile ya Badakhshan hubaki giza. Tena, buluu ya Badakhshan ya asili huwa na chembe zenye pembe na ukubwa mbalimbali, ilhali ile iliyoanza kutengenezwa viwandani katika karne ya 19 huwa na chembe ndogo, za mviringo, zinazolingana. Na buluu hii, ya asili na ya kiwanda, hupoteza rangi ikiguswa na asidi. Basi anayesafisha kwa siki au ndimu bila kujua, huifuta kazi aliyokusudia kuiokoa.

Nguo nazo zina alama zake. Unyuzi wa pamba huonekana kama utepe uliosokotwa. Wa kitani una vifundo kama vya muwa. Wa sufu una magamba. Na wa hariri ni laini kama uzi wa kioo. Mama zetu wanaotunza leso na kanzu za kale watakubali kwamba kila nguo ina ufuaji wake.

Elimu hii hufichua pia uongo. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Yale kilitangaza ramani iliyodaiwa kuwa ya karne ya 15, ikionesha sehemu ya Amerika kabla ya safari ya Columbus. Ngozi iliyochorewa ilikuwa ya kale kweli. Lakini McCrone alipozichunguza chembe za wino wake, alikuta namna ya titani ambayo haikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya rangi kabla ya karne ya 20, na mwaka 1974 matokeo yake yakatangazwa. Wapo waliompinga kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Yale yenyewe ilitamka kwamba ramani hiyo ni ya kughushi.

Haya yanatuhusu. Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19, waandishi walinakili misahafu na kuipamba kwa nyeusi, nyekundu na manjano, juu ya karatasi iliyoletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Kila wino na kila karatasi ina tabia yake mbele ya unyevu, joto na mkono wa mtengenezaji. Asiyeijua tabia hiyo anabahatisha, na amana haibahatishwi.

Basi tunausia mambo machache. Usibandike seloteipu wala gundi ya dukani. Usifute ukurasa kwa maji, siki wala ndimu. Kitabu kilaze mahali pakavu, mbali na jua, na mikono iwe safi na mikavu. Kikihitaji matengenezo, kipelekwe kwa wahifadhi wa makumbusho, nao waulizwe kwanza: kimetengenezwa kwa nini?

Na kwa wazazi wenye mabinti na vijana wanaopenda sayansi na sanaa pamoja, tunasema: hii ni kazi ya heshima inayotaka subira, jicho makini na ukweli. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali panapolithibitisha neno hilo kama ukurasa wa kale uliotengenezwa kwa pupa.